Miezi Saba Niliyotakiwa Kuapia

Kibokoni, Mombasa
3 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Kamaludin,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta umeamka vyema na baridi haijakuamshia goti. Sisi hapa twashukuru. Raihana ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu, afunika mdomo kwa ncha ya buibui langu. Mdogo wake ana miezi mitano, hanyonyi chupa, hamtaki mtu ila mimi, kwa hivyo hata haya nayaandika naye kifuani na mkono mmoja umekufa ganzi. Mume wangu Abdulbasit yuko Kilindini kama kawaida. Kampuni yao ya kutoa mizigo imepunguza watu lakini yeye wamembakisha, alhamdulillahi. Shangazi Bi Tumu akusalimu sana, auliza huko wala nini. Mimi humjibu kuwa sijui.

Sijui kwa sababu namba yako haishiki tangu mwaka jana. Najua umeibadilisha, na najua kwa nini. Mji mzima ulikuwa wakupigia, huyu ana harusi, yule paa lavuja. Sikulaumu. Lakini hata mimi, Kamal? Nimempigia huyo wakala wako Jeremy hadi nikachoka, naye akanipa anwani ya posta tu. "Dada, andika, atasoma." Ndio naandika. Tangu nitoke shule sijaandika kitu kirefu hivi, utanivumilia mwandiko.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Majuzi mshahara wako wa mwaka ulisambaa kwenye simu za watu, pamoja na picha yako na jezi. Pale barazani mtu mmoja aliisoma ile namba kwa sauti kama khutba ya Ijumaa. Mwengine akasema, "Huyo angeniazima mguu mmoja tu, wa kushoto, nami ningejenga." Wakacheka. Mimi nikatokeza na kikapu changu cha mboga, wakanyamaza wote kwa mpigo. Kunyamaza kule sikukupenda.

Na tangu hapo kuna mtu aketi mbele ya mlango wetu. Si wa mtaa huu. Viatu vya ngozi, shati la mikono mirefu, hanunui kahawa, hasalimii. Juzi alimuuliza Raihana, "Mjomba wako akija hulala chumba gani?" Mtoto akamwonyesha dirisha, naye akalipiga picha. Niliteremka ngazi mbio na huyu mdogo mkononi, nikakuta ameshapinda kichochoro. Sasa Raihana haendi chuoni kusoma Kurani ila nimpeleke na nimrudishe mwenyewe. Nikisikia hatua ngazini, nafunga komeo. Wanataka nini kwetu? Watoto wangu si wachezaji.

Mwezi huu wa Shaabani mama atimiza mwaka. Tutamsomea hitima. Nakujulisha tu.

Dadako,
Swafia


Denmark
24 Februari 2025

Dada Swafia, mama Raihana,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeletewa hadi mazoezini. Mlinzi wa lango aliitazama ile stempu kama kitu cha makumbusho. Nimecheka peke yangu kwa habari ya meno. Mwambie Raihana mjomba naye aling'olewa jino kwa kiwiko cha beki wa Kibarani na hakuacha kucheka hata siku moja. Huku theluji yafika kifundo cha mguu. Goti li sawa. Shangazi mwambie nala wali, kuna Msomali ana duka karibu nami na mchele wake ni mzuri. Habari ya simu nisamehe, nitakutumia namba mpya mambo yakitulia.

Huyo mtu wa mlangoni usimwogope. Ni wetu. Jeremy ndiye aliyemtuma apige picha chumba changu. Nilitaka kukueleza mwenyewe kwanza, wao wakawahi.

Nikueleze basi. Mwaka jana nilipokuwa nje kwa ajili ya goti, timu iliendelea kunilipa, na watu wa viatu, wale ninaowatangazia, wakanilipa pia. Sasa serikali ya huku yataka zaidi ya nusu. Nusu, Swafia! Ni kama nacheza kipindi cha kwanza changu, cha pili chao. Wajua siku ile ya majaribio tulikuwa vijana kumi na wanne. Mimi tu ndiye nichezaye hadi leo. Mwalimu wa shule hufundisha mpaka mvi, daktari hutibu mpaka mvi. Mimi nina miaka kumi, nikibahatika kumi na miwili, kisha mguu wasema basi. Mbona nikatwe kama mtu atakayelipwa mpaka mvi? Na mwenye timu yetu ana meli, zimeandikishwa kisiwa ambacho hajawahi kukikanyaga, ili asilipe. Muulize Abdulbasit, lazima ameziona hapo Kilindini. Yeye aitwa mjanja. Mimi niitwe mwizi?

Na sisemi kwa ubaya, lakini nyinyi nyumbani ni kodi ya pili. Kila mwezi kuna wa karo, wa hospitali, wa mahari. Nalipa na silalamiki. Lakini huyu akichukua nusu na hawa wakichukua nusu, Kamaludin abaki na nini?

Jeremy amepata njia. Asema mtu aliyekaa nje ya nchi hii zaidi ya nusu ya mwaka ule hadaiwi zile fedha za viatu. Tutasema nilikuwa kwetu, kwako, najiuguza. Pasipoti ya zamani imepotea, kwa hivyo mihuri haipo, ndio maana wataka shahidi wa damu. Ni kiapo kimoja mbele ya wakili, kuwa nilikaa nawe chumba kile. Wewe ndiye mwenyeji wa nyumba. Ukiapa wewe, imekwisha.

Nisalimie wote.

Nduguyo,
Kamal


Kibokoni
17 Machi 2025

Mdogo wangu,

Saumu njema, na Mungu akutakabalie. Barua yako imechukua wiki tatu. Hapa Ramadhani yaenda vizuri, joto tu. Mimi sifungi kwa sababu ya kunyonyesha, Bi Tumu amenikataza, lakini kila nikila yeye huniangalia kana kwamba nimemwibia. Raihana afunga mpaka adhuhuri kisha ajisahau. Abdulbasit arudi kutoka Kilindini jioni midomo imekauka, alala hapo hapo kwenye mkeka mpaka adhana. Hitima ya mama tulisoma, watu walijaa mpaka ngazini. Sina la kuongeza hapo.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Umeuliza haki iko wapi. Mimi si msomi, nitakujibu kama nionavyo hapa jikoni. Mshahara wa Abdulbasit hukatwa kabla haujamfikia, wala hakuna Jeremy wa kumtafutia dirisha la kupigwa picha. Nikinunua unga, sabuni, nepi, mkato umo humo humo. Zile meli za mwenye timu yako, Abdulbasit asema azijua, zina bendera za visiwa ambavyo hata ramani haina haja navyo. Amesema yule naye ni mwizi, tena mkubwa. Nami nakubali. Lakini yule hakunitaka mimi niape.

Wamkumbuka Nekesa, nesi wa Tudor? Ndiye aliyenizalisha huyu mdogo. Damu ilikataa kusimama, Kamal, sikukuambia. Yeye peke yake kwa wodi nzima, na glavu amezinunua kwa pesa zake. Hakuna mtu aliyekata tikiti kuja kumtazama. Nikimtajia mshahara wako atadhani namfanyia mzaha. Sisemi unyang'anywe. Miguu ni yako, na wale vijana waliorudi nyumbani nawajua majina, najua ulipita wapi. Ila mwaka wako wa kwanza huko uliteleza kwenye barafu ukavunjika mkono, na ulikuwa bado hujawa mtu. Ulinisimulia kuwa walikutibu, na ulipouliza ni bei gani wakakucheka. Ile bei kuna mtu aliilipa. Hukumuuliza jina lake.

Kodi ya pili umesema kweli. Nyumba hii unailipia wewe, na kila nikifungua mlango nakumbuka. Sitajifanya sijui.

Juu ya kiapo sijasema ndiyo, sijasema la. Naogopa, hilo nakuambia wazi. Nijibu kitu kimoja: ni miezi gani?

Dadako,
Swafia


Denmark
5 Aprili 2025

Dada,

Idi mubaraka kwenu nyote. Mimi nilisali kwenye ukumbi wa michezo wa shule, kisha jioni nikaenda mazoezini. Idi gani hiyo. Nimetuma kidogo cha nguo za watoto kupitia Jeremy, natumai kimefika.

Miezi ni Januari hadi mwisho wa Julai, mwaka jana. Saba. Jeremy ndiye aliyeipanga kwa kufuata barua za daktari. Wakili wao, Oliver, atakuja kwako na karatasi tayari. Usihangaike kuisoma yote, ni lugha ya kisheria.

Swafia, wakinishika naweza kufungwa huku. Timu itavunja mkataba siku hiyo hiyo. Na mkataba ukivunjika nani atailipia nyumba? Sikutishi, wallahi sikutishi. Nakueleza mambo yalivyo. Na usimwambie Abdulbasit, wamjua alivyo na misimamo.

Kamal


Kibokoni
28 Aprili 2025

Kamal, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nguo zilifika, za Raihana zambana, mdogo zamfaa. Amekaa mwenyewe juzi bila kushikwa, akajishangaa, akaanguka. Mvua zimeanza na ngazi yateleza. Bi Tumu alalamika miguu.

Wakili wako alikuja Jumanne. Kijana mzuri, ana adabu, alivua viatu. Alitoa karatasi kwenye mkoba akaziweka juu ya meza nilipokuwa nakunja nepi.

"Mama, ni sahihi tu. Hapa, na hapa."

"Nisomee kwanza," nikamwambia.

"Ni kirefu."

"Nina mtoto wa kunyonyesha, siendi popote."

Akasoma. Alipofika Februari nikamsimamisha. Nikamuuliza, "Wewe wajua Februari hiyo nyumba hii ilikuwa na nini?" Hakujua. Nikamuuliza kama Jeremy alimwambia, akasema hapana. Nikamuuliza, "Na majirani wakiulizwa?" Akatabasamu. "Majirani wana shughuli zao, mama. Nani akumbuka mtu alilala wapi mwaka jana?"

Kamal, nilicheka, na kicheko kilikuwa kibaya mpaka mtoto akaanza kulia. Huyo kijana si wa hapa. Hajui kuwa mtu aweza kusahau aliyelala wapi, lakini hakuna mwanamume wa mtaa huu atakayesahau nani aliingia kaburini kumpokea mama yetu. Wewe wajua, nami najua kuwa wewe wajua, na barua zako mbili hazijataja hata neno moja. Abdulbasit alinieleza aliporudi na udongo kwenye kanzu. Shuka limetandazwa juu ya kaburi, jeneza liko ukingoni, na mwenye kusimamia akaita, "Mwanawe yuko?" Akaita tena. Watu wakatazama njia ya lango. Kisha mjomba wetu akashuka, na kwa kuwa hukuwako akashuka mkwe. Mume wangu ndiye aliyemshika mama upande wa kichwa akamlaza katika mwanandani wa kaburi. Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale.

Sasa wanitaka niape kuwa siku hiyo ulikuwa juu, chumbani kwako, nyuma ya dirisha lile. Ama waniamini mwongo, ama wakuone wewe mtu aliyekaa kitandani mama yake akizikwa mtaa wa pili. Jeremy ameyahesabu yote ila hilo.

Nimekataa. Nimemrudishia karatasi zake. Alipovaa viatu alisema taratibu, "Mama, fikiria watoto." Nimefikiria. Kiapo cha uongo ni jela, nimemuuliza Abdulbasit, ndiyo, nimemwambia, mume wangu simfichi jambo kama hili. Huyu mdogo hajui ziwa jingine la kunyonya duniani. Wakinichukua atakula nini, sauti yangu kwenye simu?

Jana simu imelia mara kadhaa, nikipokea mtu hasemi, apumua tu. Mwambie Jeremy aache.

Na uniambie kwa nini hukuja. Hukuwa na mechi. Hukuwa na mazoezi. Ulisema ndege imejaa, nami nikakubali kwa sababu nilikuwa nalia.

Swafia


Kibokoni
19 Juni 2025

Kamal,

Assalaam alaykum. Hukunijibu. Sijui umekasirika au barua imepotea au wamekwisha kukushika. Kila siku nafungua simu kutafuta jina lako kwenye habari za michezo, nikiona umecheza nashukuru, nikiona umekaa benchi naisoma habari mara tatu. Watoto wazima. Raihana jino moja limechomoza.

Nataka ulisikie hili kutoka kwangu, si kwa Jeremy. Watu wa kodi wamekuja. Wa hapa hapa Kenya, wameulizwa na wenzao wa huko. Mwanamke aitwa Loise na mwanamume aitwa Kioko. Walikuja mchana, wakaonyesha vitambulisho, sauti zao za chini. Hofu niliyoipata, Kamal, niliwamiminia sharubati ikamwagika kwenye sahani.

Bi Tumu alikuwako. Sijui nani alimfikia kabla yangu akamfunza, nadhani yule wa viatu vya ngozi. Kabla sijafungua mdomo akadakia.

"Alikuwa hapa! Miezi yote hiyo. Goti nimelikanda mimi kwa mafuta ya simsim, kwa mikono hii."

"Kuanzia Januari, bibi?" akauliza Loise.

"Januari, Februari, yote. Ale wali wangu, alale, ale tena. Kanenepa hivi." Akapanua mikono.

Loise aliandika. Kisha akasema kwa upole, na nadhani alikuwa mkweli, "Poleni sana. Tumeambiwa mama yenu alifariki Februari hiyo. Afadhali mwanawe alikuwepo kumzika."

Nilimwona shangazi ameminya kitambaa cha magotini. Mwanamke huyu aweza kukudanganya bei ya samaki mpaka uombe radhi wewe. Lakini akasema, "A'a. Kuzika hapana. Hapo futa. Aliyeshuka ni mkwe, Abdulbasit. Simwandikii mtu thawabu isiyo yake."

"Kwani mwanawe alikuwa mgonjwa, amelala ndani?"

"Ndani ya wapi? Si hakuwako!" Kisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Kioko akatazama sakafu, mabega yamtikisika, nikajua acheka. Mimi sikucheka. Loise akanigeukia. "Na wewe, dada?"

Nilimuuliza, nikisema uongo ni nini. Akasema ni kosa na nitashtakiwa. Nikamuuliza, nikisema kweli ndugu yangu atakuwaje. Akasema, "Hilo sijui. Na nisikudanganye kuwa najua." Nikamwambia hukuja, Kamal. Si Januari, si Julai. Nikamwambia mara ya mwisho kulala chumba kile ulikuwa mzima wa miguu yote miwili, na mama alikuwa hai. Nikatia sahihi. Raihana alikuwa mlangoni asikiliza.

Tangu siku ile Bi Tumu hasemi nami, asema nimekuchoma, na yeye ndiye aliyeanza. Dukani wanipimia sukari bila salamu. Sijutii, lakini naogopa mpaka maziwa yamepungua. Nijibu. Hata kama ni matusi, yaandike, nijue uko hai.

Dadako


Denmark
30 Julai 2025

Dada Swafia,

Wa alaykum salaam. Barua zako zote mbili nilizipata. Ile ya Aprili nilikaa nayo kwenye mfuko wa jaketi hadi ikachanika kwenye kunjo. Sikukasirika. Nilikasirika siku mbili, kisha hasira ikakosa pa kukaa.

Waniuliza kwa nini sikuja. Nilikuwa Dubai kwa wiki chache, kwenye nyumba aliyonipangia Jeremy. Ndege haikujaa. Nilifika uwanja wa ndege, begi likapimwa, nikapewa kadi ya kuingilia. Nilikuwa na magongo mawili na daktari alikuwa ameniambia wiki ile kuwa huenda nisicheze tena. Nikakaa pale nikauona mtaa wetu akilini. Nikaona watu wamejipanga kutoka barabarani mpaka mlangoni petu, nami nachechemea katikati yao, na kila mmoja atazama goti kwanza kabla hajanipa pole. Wote wale ambao karo zao na paa zao ni goti hili. Nikaona haya, na zaidi ya haya nikaogopa. Nikarudi kwenye nyumba ile kwa teksi. Mama azikwa, mimi nimelala nimegeukia ukuta. Sijamwambia mtu yeyote ila wewe.

Nilipopata barua yako ya Juni nilikwenda kwa mwanasheria wa chama cha wachezaji, si wa Jeremy. Nikamweleza, tukaenda ofisi ya kodi, nikasema mwenyewe. Nitalipa yote na faini juu yake. Mwanasheria asema kwa kuwa nimejileta, labda hawatanifunga. Amesema labda, na neno hilo ndilo nalilala nalo. Uamuzi ni Novemba. Jeremy simu yake haishiki sasa. Timu imesema itangoja uamuzi ndipo iamue juu yangu.

Usidhani nimebadili mawazo. Bado nasema nusu ni nyingi kwa mtu mwenye miaka kumi tu ya kucheza. Na mwenye meli bado yuko kisiwani kwake. Lakini wewe usingeweza kuapa, na mimi nilikuomba, na mtoto wako alikuwa kifuani. Hilo silielewi nililifanyaje.

Nyumba sitaiweza tena baada ya mwezi ujao. Nisamehe.

Mama alilazwaje? Nataka kujua. Unieleze yote.

Nduguyo,
Kamaludin


Tudor, Mombasa
26 Agosti 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na namba mpya uliyoiandika nyuma ya bahasha imefika pia. Sijaipiga. Nataka nimalize kuandika kwanza, maana nikisikia sauti yako nitalia na haya yote sitayasema.

Tumehama. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, kwa Nekesa ni mlango wa nne, ndiye aliyetutafutia. Maji hupanda siku moja moja. Bi Tumu amekuja nasi, alisema haji, kisha akaja na vyungu vyake vyote na tuktuk tatu. Alalamika kuwa majirani hawajui kusalimu. Mimi amenirudia, wiki iliyopita aliniita "mwanangu" kwa kusahau, akakunja uso. Abdulbasit sasa atembea zaidi asubuhi kufika kazini. Mdogo amesimama kwa kushika mtungi. Raihana ana meno yote mawili, makubwa kama ya sungura, na acheka ovyo.

Wa Kibokoni hawajaacha kunilaumu. Asubuhi nilikutana na mmoja wao sokoni akaniambia, "Ndugu yako angetujengea sote, wewe ukafungua mdomo." Nilimwambia, "Akujengee wewe, na mwanangu alipie?" Akaondoka. Nilipofika nyumbani nikakaa kwenye ngazi na kikapu changu kabla sijapanda.

Haki ya zile nusu sitaimaliza mimi. Labda ni nyingi, kweli. Labda anayepewa kingi hivyo kwa mpira hata nusu yake bado ni kingi kuliko haki. Nikimwona Nekesa apanda ngazi asubuhi ametoka zamu, humtilia chai, na mshahara wako siutaji. Wewe lipa. Kisha upigane na kodi yao kwa mdomo wako mchana kweupe, kwa jina lako, na mimi nitakuwa wa kwanza kukusikiliza.

Mama alilazwaje siwezi kukueleza, kwa sababu sikuona. Wanawake tulibaki nyumbani. Aliyeona ni Abdulbasit, nimemwomba aniandikie hapa chini, amekataa. Asema hilo si la karatasi, atakuonyesha mwenyewe alisimama wapi na mkono wake ulikuwa wapi.

Novemba nami naihesabu kwa hofu kama wewe. Wakikufunga, nitakuandikia. Wakikuachia, njoo. Lakini usije kwa teksi ya vioo vyeusi ukaingia kwetu kimyakimya. Shukia Kibokoni, Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini, na utembee mpaka makaburini kwa miguu yako. Kama goti lauma, chechemea. Nami nitakuwa nimesimama barazani pale pale Kibokoni na watoto, tutakuona.

Dadako,
Swafia